Saa 12 za Giza

Sheria ya Ujerumani inayomruhusu mtu mzima kupanda bangi nyumbani kwake ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2024, na mwaka ule tarehe hiyo iliangukia Jumatatu ya Pasaka. Nilikuwa huko. Dayosisi yangu ilikuwa imenituma kuhudumu miaka 3 katika usharika mmoja wa jimbo la Sachsen, mashariki mwa nchi hiyo, na asubuhi ile nilihubiri habari za wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau. Baada ya ibada watu walisimama na vikombe vyao vya kahawa wakizungumza, wala hawakuzungumza Emau.

Msomaji asishangae Mmeru alikuwa anatafuta nini Sachsen. Wamisionari wa Leipzig ndio walioleta Injili kwetu. Wawili wa kwanza, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale Akeri mwaka 1896, na wengine wakaja baada yao. Zamani walikuja kutufundisha; siku hizi na sisi tunakwenda kukaa nao, maana makanisa yao yana viti vingi vitupu na wazee wengi wapweke. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwatembelea wazee hao, kunywa chai yao na kusikiliza.

Mmoja wao alikuwa mstaafu wa reli mwenye miaka 67, mwimba besi wa kwaya kwa zaidi ya miaka 30. Jina lake nitalificha. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa halali. Mgongo nao ulikuwa unamtesa. Vidonge alivyopewa na daktari vilimfanya apepesuke mpaka mchana, akaviacha. Siku moja mwezi wa Septemba, tulipokwisha kunywa chai, aliniambia, "Mchungaji, wewe umetoka nchi ya wakulima. Shuka nami nikuonyeshe shamba langu."

Nyumba za kule huwa na chumba chini ya ardhi, ambamo watu huweka viazi, baiskeli na mitungi ya jemu. Katikati ya vitu hivyo palisimama hema dogo la kitambaa cheusi, upana wake sentimita 80 kila upande na urefu wa mtu. Alifungua zipu, mwanga ukatutoka usoni. Ndani kitambaa kilikuwa kinang'aa kama bati jipya, na juu ilining'inia taa ya LED yenye wati 150, bapa kama sinia, imejaa vitaa vidogo mfano wa punje za mtama. Nilidhani ningehisi joto, lakini lilikuwa kidogo tu. Ndiyo sababu watu wameacha zile taa kubwa za zamani zilizochemka kama jiko. Chini yake palikuwa na vyungu vitatu vya kitambaa, na mimea mitatu. Sheria inaruhusu mitatu kwa kila mtu mzima, basi. Anaruhusiwa pia kuweka gramu 50 zilizokauka nyumbani. Haruhusiwi kumpa mtu mwingine hata kidogo, na ni lazima watoto wasiweze kuifikia.

Harufu ile niliijua kabla macho hayajazoea mwanga. Nimezaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Yeye alikuwa mwanafunzi mpya kabisa wa kilimo hicho, na kama watu wote wa reli, aliandika kila kitu kwenye daftari. Alinieleza kwa bidii, nami nikasikiliza, maana kusikiliza ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mche wa kwanza aliuua kwa maji. Alimwagilia kila siku kwa upendo, majani yakalegea, naye akafikiri una kiu, akaongeza. Sasa alikuwa amejifunza kunyanyua chungu kwanza: kikiwa kizito, anaondoka, kikiwa chepesi, anamwagilia. Mama yangu alifanya vivyo hivyo na viriba vya miche ya kahawa, hakuwa na daftari. Mche wa pili aliuweka karibu mno na taa, majani ya juu yakapauka na kujikunja kingo. Akainua taa mpaka nusu mita hivi juu ya mimea, ikatulia. Mbegu alinunua zile zilizochaguliwa zitoe mimea jike tu, kwa sababu dume likichanua humwaga vumbi lake na jike linajaa mbegu. Hapo nilicheka, nikamwambia kwetu kila mtoto anajua habari za mpapai dume, ila hatujawahi kuuzwa mbegu zenye hati.

Kisha akanionyesha kitu ambacho kimekaa moyoni mwangu kuliko vyote. Kwenye soketi ya ukutani palikuwa na taima, ile swichi yenye saa. Alieleza kwamba mwanzoni mmea hupewa mwanga saa 18 na giza saa 6, nao hukua tu, majani na matawi, hautoi ua. Ukiuacha hivyo unaweza kukaa miezi na miezi ukinenepa. Siku unapotaka uchanue, unapunguza mwanga. Saa 12 mwanga, saa 12 giza. Na giza lazima liwe giza kweli: hata mwanga mdogo unaopenya kwenye mshono wa zipu kila usiku unaweza kuuvuruga. Alikuwa ameziba mishono kwa gundi ya utepe mweusi, akajifungia mwenyewe ndani ya hema mchana ili aone kama kuna tundu. Mzee wa miaka 67, mgongo mbovu, amechuchumaa gizani ndani ya hema. Hatukuweza kuacha kucheka.

"Mmea wangu unalala saa 12," akasema tulipokwisha kucheka, "mimi silali hata 4."

Nilitazama ile taima. Ilikuwa imepangwa iwake saa moja asubuhi na kuzima saa moja jioni. Kiangazi cha Sachsen jua hukaa angani zaidi ya saa 16, na baridi ikija halifiki hata 9. Kwa hiyo mzee huyu, kwa kutumia umeme na swichi, alikuwa amejitengenezea chini ya nyumba yake siku ya kwetu. Sisi tulio karibu na Ikweta tunapewa saa 12 na saa 12 mwaka mzima, mpaka lugha yetu yenyewe inahesabu saa kwa kuchomoza na kuchwa kwa jua. Mmea ule ukipandwa Arumeru hauhitaji taa wala hema. Unakua kati ya mahindi na kuchanua wakati wake, bila gharama.

Gharama yake kwetu ni nyingine. Nilimfundisha kipaimara kijana mmoja, mwerevu, wa kwanza kukariri Katekisimo. Baba yake alikuwa na kahawa kidogo, na ndugu zake wanne walitaka ada. Akapanda bangi katikati ya mahindi ya familia. Alikamatwa akiwa na miaka 26. Kwa sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake, kulima bangi kunaweza kumpeleka mtu gerezani miaka 30, na hiyo ndiyo aliyopewa.

Naomba nisieleweke vibaya. Nimekaa na mama mmoja wa usharika wangu ambaye mwanawe alianza kuvuta akiwa darasa la saba. Alipofika miaka 19 alikuwa anasikia sauti na kuwatishia wadogo zake panga. Madaktari wanasema ubongo wa kijana bado unajengwa mpaka kwenye miaka 25 hivi, na kwamba bangi katika umri huo ni hatari kubwa kuliko ukubwani. Mama yule hakuhitaji kuambiwa na daktari. Anayesema bangi ni jani tu, aende akalale nyumbani kwake usiku mmoja. Wala katika insha hii sitafuti kubadilisha sheria. Wapo waliowekwa kwa kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba nilisimama mbele ya hema lile nikiwa na watu hawa wawili kichwani, mama na mfungwa, na mzee aliyefiwa mbele yangu, na mmea ulikuwa mmoja.

Ndipo akauliza. "Mchungaji, ni dhambi?"

Nilimjibu kwa swali: kwa nini unaniuliza mimi, wakati serikali yako imeruhusu? Akaniambia habari ambayo sikuwa naijua. Alikulia chini ya serikali ile ya zamani ya Ujerumani Mashariki. Serikali hiyo ilikuwa na sherehe yake ya kuwapokea vijana, Jugendweihe, iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya kipaimara. Alipofika miaka 14 alikataa kuishiriki, akabarikiwa kanisani na wenzake 3 tu. Kwa sababu hiyo hakupata nafasi ya kuendelea na shule ya juu, na ndivyo alivyoangukia reli. "Nimeona serikali ikikataza lililo jema," akasema. "Sasa inaruhusu hili. Nijuaje kama ni jema? Ndiyo maana nauliza."

Pale Makumira tulisoma hotuba 8 alizotoa Luther huko Wittenberg mwezi wa Machi 1522. Alikuwa amejificha katika ngome ya Wartburg, akasikia mjini kwake watu wanavunja sanamu na kulazimisha mabadiliko kwa jina la uhuru wa Injili, akarudi. Siku 8 mfululizo alipanda mimbarini. Alitegemea neno la Paulo kwa Wakorintho, kwamba kitu kuwa halali hakumaanishi kinafaa, wala mtu asikubali kutawaliwa nacho. Na aliuliza jambo ambalo watu wenye uhuru mpya hawapendi kuulizwa: ndugu yako aliye dhaifu atapatwa na nini? Mzee alizijua hotuba hizo. Wajerumani wazee wa kanisa si wa kuchezea. Akaniambia kwa mzaha kwamba Luther huyohuyo alikunywa bia iliyotengenezwa nyumbani na mkewe, Katharina von Bora. Ni kweli. Nikamwambia Katharina aliitengeneza kwa ajili ya meza iliyojaa watu, wanafunzi na yatima na wageni, si kwa mtu mmoja chini ya nyumba.

Sikupanga kusema hivyo, lakini likawa ndilo neno lenyewe. Sikumwambia ni dhambi, wala sikumwambia si dhambi. Nilimuuliza maswali matatu. La kwanza lilikuwa juu ya mjukuu wake wa miaka 15 anayekuja wakati wa likizo. Mlango wa chumba kile ulikuwa na kufuli zuri sana, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari pembeni yake. Alitazama msumari, akachukua ufunguo, akautia mfukoni. La pili: je, siku ukikosa, unaweza kukaa bila? Akasema hajui, ndiyo kwanza anasubiri mavuno yake ya kwanza. La tatu: Alhamisi jioni uko wapi? Alhamisi ndiyo siku ya mazoezi ya kwaya, na alikuwa hajaonekana tangu Julai. Akanyamaza muda. Kisha akasema jioni hushuka kuangalia mimea mpaka taa izime, halafu hana nguvu ya kuvaa koti.

Hapo nilielewa kwamba jambo lililokuwa linamla halikuwemo ndani ya vyungu vile. Mmea ulikuwa umempa kitu cha kutunza, na pia sababu nzuri ya kutotoka. Watu wa kwetu wakifiwa hawaachwi peke yao. Tunajaza nyumba mpaka mfiwa anachoka na sisi. Kule mtu anaweza kufiwa kimya kimya, kwa adabu, miezi 14.

Nilimsimulia habari za kijana wangu. Alisikiliza akiwa ameshika zipu. "Atatoka akiwa na miaka mingapi?" akauliza. Nikamwambia, akimaliza yote, 56. Akafunga hema. Tulipanda jikoni, akatoa euro 50 kwenye kopo la sukari, akasema nikirudi nimnunulie kijana sabuni na chochote atakachohitaji.

Mwezi wa Oktoba ilifika Jumapili ya shukrani ya mavuno. Watu huleta madhabahuni maboga, tufaha, mikate, mashada ya ngano. Mzee alinipigia simu siku mbili kabla, akauliza kwa sauti ya uzito kama anaweza kuleta ya kwake. Alikuwa anatania, nadhani. Nami nikawaza mnada wetu baada ya ibada ya mavuno, mzee wa kanisa akinadi, mikungu ya ndizi, kuku, debe la maharage, halafu hicho. Lakini mzaha ule ulinikumbusha jambo lisilo la kuchekesha: katika mitaa yetu mingine ya mlimani, wazee wa kanisa wamewahi kufungua bahasha nene katika mwaka ambao kahawa haikuwa na bei, wakatazamana, wakaandika kiasi kwenye kitabu. Sadaka ilikuwa imekwisha kutolewa, na aliyeitoa alikuwa amekaa kwenye benchi la tatu na mama yake. Mwenye jibu jepesi kwa hilo hajawahi kukaa kwenye meza ile.

Alivuna mwezi wa Novemba, baada ya giza la wiki 9. Alikuwa akiangalia maua kwa kioo cha kukuzia, akisubiri vinywele vyake vidogo vya utomvu viache kuwa angavu kama kioo na kuwa vyeupe kama maziwa. Akayakausha wiki mbili katika hema lilelile, feni ikizunguka polepole. Kwenye mizani ya jikoni yalifika gramu 41, pungufu ya alivyotarajia, naye akaandika sababu 5 daftarini. Nilimuuliza baadaye kama analala. Alisema baadhi ya siku ndiyo, ila asubuhi kichwa huwa kizito, na ndoto zimekoma, hata zile alizokuwa akimwona mkewe. Hilo la ndoto alilisema mara mbili.

Wanakwaya wawili wa besi walianza kwenda kwake saa moja kabla ya mazoezi, wakisema wanataka kupitia noti jikoni kwake kwa sababu kuna piano. Lilikuwa wazo lao. Mara nyingine alitoka nao, mara nyingine aliwasindikiza mpaka mlangoni akarudi. Nami nilikuwa nampigia simu usiku, tukasema pamoja ile sala ya jioni ya Luther iliyo katika Katekisimo Ndogo, yeye kwa Kijerumani na mimi kwa Kiswahili, maneno yakipishana. Alikuwa ameikariri utotoni. Mpaka naondoka mwaka uliofuata alikuwa hajaamua kama atapanda tena. Hema lilikuwa limekunjwa na kuegemezwa ukutani, karibu na baiskeli ya mkewe.

Niliporudi nyumbani nilikwenda gerezani na sabuni, dawa ya meno na miwani ya kusomea. Kijana, ambaye sasa nywele zimeanza kumpungua, aliuliza vimetoka kwa nani. Nikamwambia ni mzee mmoja wa Ujerumani. Akauliza ananijuaje. Askari wa magereza alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu, anasikia yote, na sikuona sababu ya kuficha. Nikamwambia kweli, mwanzo mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni kweli, Mchungaji. Tumesikia humu, tukadhani ni maneno ya redio." Akafikiri. "Lakini si kuna theluji? Wanapandaje?"

Nikamweleza habari za taa, hema na taima.

"Wananunua jua," akasema.

Askari alicheka kabla yetu. Kijana akaendelea kuuliza kama mkulima: udongo gani, mbolea gani, miezi mingapi toka mbegu. Nikamwambia minne na zaidi. Akahesabu kwa vidole, kisha mikono ikatulia magotini. Akauliza kama mama yake bado anaenda ibada ya kwanza au siku hizi anaenda ya pili, kwa sababu ya miguu. Nikamwambia anaenda ya pili, na kwamba mdogo wake ndiye anayemshika mkono.

"Na huyo mzee, amepata usingizi?"

Nikamwambia, siku nyingine.

Alisema atamwombea usiku, maana usiku humo ni mrefu na nafasi ipo. Muda ulikuwa umekwisha, askari alikuwa amesimama. Kijana akaniomba, nikija tena, nimletee *Mwimbieni Bwana*, chenye jalada gumu kama kipo, kwa sababu kile cha chumba chao kimechanwa kurasa za mwisho za kusokotea sigara, na wimbo anaoupenda ulikuwa huko nyuma.